Visahani Arobaini vya Titani

21 Desemba

Careen amefika na basi akiwa ameloa mpaka soksi. Kabla ya kunisalimia alifungua begi na kuangalia kopo la plastiki kama liko salama. Mna visahani arobaini vya titani, kila kimoja ukubwa wa sarafu ya shilingi mia. Ametoka navyo Dar es Salaam kavipakata. Baba yake, Rupert, aliuliza kama ni vifungo. Rupert ni fundi cherehani, na kila kitu cha duara kwake ni kifungo.

Baada ya chakula binti yangu alitueleza utafiti wake, na ninauandika hapa kwa sababu nimeuelewa na ninajivunia kuuelewa. Mtu akivunjika nyonga, au akipandikiziwa jino, daktari humtia skrubu ya titani. Skrubu hiyo haishikwi na gundi. Inashikwa na mfupa wenyewe. Seli za mfupa zinaisogelea, zinaukanyaga uso wake, na zikiridhika zinajenga mfupa mpya juu yake. Zisiporidhika, skrubu inalegea na mgonjwa anarudi kupasuliwa upya. Kinachoziridhisha ni hali ya uso. Vitabu vyote vinasema uso uliokwaruzwa vizuri hushikwa kuliko uso laini kama kioo. Careen anataka kuonyesha kwamba uso huo unaweza kutengenezwa hapa nchini, kwa zana zetu, tusikae kungoja makontena.

Jopo la chuo litakaa Aprili kumsikiliza. Likimkataa, anapoteza nafasi ya maabara pamoja na miaka miwili ya shahada ya uzamili.

"Likatae lione," nilisema. "Nitaliandikia kwenye safu yangu ya gazeti."

"Mama," akasema, "hata halijakaa."

23 Desemba

Kwa Mzee Muhsini. Huyu ni mkata vito aliyetoka Tunduru, mwenye kibanda karibu na soko letu hapa Songea, na Careen alipokuwa darasa la tano alikuwa akishinda pale badala ya kuja moja kwa moja nyumbani. Sasa nimeelewa kwa nini visahani vimesafiri hadi Songea. Muhsini ana magurudumu ya kung'arishia. Tena ana debe la unga wa yakuti mbovu, ile isiyo na rangi wala mnunuzi. Careen anasema kwa kemia unga huo ni kitu kilekile ambacho viwanda vya nje hutumia kukwaruza skrubu za mifupa. Vinaununua. Sisi tunaumwaga mfereji.

"Shikamoo, babu," alisema Careen na kumpa kisahani kimoja.

"Marahaba. Hiki si jiwe." Alikigonga kwa ukucha, akakiweka kwenye gurudumu, akakitoa. "Kinapasha moto gurudumu kabla ya kukubali. Kina kiburi kama mama yako."

"Ndiyo maana nimekileta kwako. Mama umemzoea."

27 Desemba

Kazi imekwisha. Kumi na viwili laini, kumi na viwili vimekwaruzwa kwa unga wa yakuti uliosukumwa na kompresa ya jirani anayepaka rangi magari. Kumi na sita amebaki navyo Careen bila kuguswa, kama akiba.

Careen alikuwa ameenda kukata tiketi, kwa hiyo nilivipokea mimi. Muhsini alikuwa anafunga kimoja kimoja kwenye karatasi, kwa mkunjo ule wa wauza vito.

"Ving'ae, mzee," nilimwambia. "Vinaenda chuo kikuu."

"Mwalimu, kazi yangu haijawahi kumtia mtu aibu."

3 Januari

Careen amerudi Dar. Mvua haijakatika tangu juzi.

11 Januari

Palizi. Mgongo.

19 Januari

Nimemjibu kwenye gazeti yule bwana aliyeandika kwamba sayansi haiwezi kuzungumzwa kwa Kiswahili. Nimetumia maneno mia nane kumweleza seli za mfupa, na sikukopa hata moja kwake. Rupert alisoma huku akipiga pasi suruali ya mtu. "Umemwacha hai?" aliuliza.

2 Februari

Careen amepiga simu. Matokeo yamepinduka. Kwenye visahani laini, seli zimekaa vizuri. Kwenye vile vilivyokwaruzwa, ambavyo vilipaswa kushinda, seli hazikushika kabisa. Zimejikunja zikawa vijiduara na kufa. Amerudia, ikawa vilevile.

"Labda vitabu vimekosea," nilisema.

"Vyote, Mama?"

Sauti yake ilikuwa kavu. Nimezaa mtoto asiyelia, na leo ningefurahi angelia.

6 Februari

Barua ya Dokta Chande, mwenyekiti wa jopo. Careen amenisomea. Matokeo yanapingana na yote yanayojulikana. Jopo linatilia shaka ubora wa kazi iliyofanywa katika "karakana isiyo rasmi". Mtafiti aeleze sababu kabla ya kikao cha Aprili, au aagize visahani kutoka nje, au aachie nafasi. Kuagiza nje ni miezi mitatu na zaidi. Maana yake aachie nafasi.

Karakana isiyo rasmi! Mtu aliyekata vito kwa miaka arobaini, macho yake yanaona mkwaruzo ambao daktari huyo angeuhitajia darubini.

Nimekaa mezani. Kalamu inakwenda yenyewe.

12 Februari

Makala imetoka kwenye safu yangu ya Jumatano. Ninanukuu sehemu moja tu, kwa raha yangu: "Wamezoea Songea iwaletee mahindi. Leo imewaletea maarifa, wanauliza kama yamekaguliwa. Wangeyaona yameandikwa Ujerumani kwenye kopo, wangeyapokea kwa mikono miwili na kupiga picha."

Hadi saa nane mchana nimepigiwa simu kumi na saba. Redio ya hapa mjini imenisomea. Pale stendi mtu nisiyemjua alinishika mkono akasema, "Mama, umetusemea." Nilitembea kurudi nyumbani Mjimwema kama nimeongezeka urefu.

14 Februari

Simu tisa.

20 Februari

Careen hakufurahi. Alinisubiri nimalize kumhesabia simu, kisha akasema, "Mama, sasa kila nikipita koridoni wananiita Mahindi."

"Wivu."

"Sijui bado kwa nini seli zilikufa. Wewe umeshawaeleza Watanzania wote kwa nini zilikufa."

Nilimwambia anamwogopa Chande. Akakata simu. Hajawahi kunikatia simu.

27 Februari

Kumbukumbu ya mashujaa wa Majimaji. Hotuba ndefu, mvua ndefu zaidi. Wote walionisalimia walizungumzia makala. Careen hajapiga.

4 Machi

Naandika polepole leo.

Nilikwenda kwa Mzee Muhsini kuchukua maneno yake kwa ajili ya makala ya pili. Nilikuwa na kichwa cha habari tayari: "Mikono Isiyo Rasmi." Alikuwa amefunga Ramadhani, midomo imekauka, lakini anafanya kazi. Nilikaa kwenye kigoda nimwangalie anavyomalizia jiwe, niweze kuwaeleza wasomaji.

Alilitoa kwenye gurudumu. Akaliosha. Akalikausha kwa kitambaa. Kisha, bila hata kutazama, akatumbukiza dole gumba kwenye kijichupa pembeni, akalisugua lile jiwe pande zote, akalifunga kwenye karatasi.

"Hicho ni nini, mzee?"

"Mafuta ya nazi."

"Ya nini?"

Alinitazama kama nimemuuliza maji ni ya nini. "Jiwe halitoki hapa likiwa kavu, mwalimu. Marehemu baba angenifufukia. Mafuta yanafunika mikwaruzo midogo, rangi inakuja juu. Mteja akifungua karatasi, jiwe linamcheka."

"Na vile vya Careen?"

"Vya Careen ndiyo kabisa! Ulisema ving'ae. Vile vyenye mikwaruzo vilikuwa vinakunywa mafuta kama ardhi ya kiangazi, nilirudia mara mbili mbili." Akacheka kwa fahari. "Sikuvibania."

Niliaga nikatoka.

Nimesoma vya kutosha kujua maana yake. Careen alinieleza mwenyewe Desemba: seli inahisi kilicho juu kabisa ya uso. Haijali chini kuna titani ya namna gani. Zile seli hazikuwahi kuigusa titani. Zilikanyaga mafuta.

Kwa hiyo Chande alikuwa sahihi kuuliza. Kazi ya karakana ilikuwa na kasoro. Na mimi nililiambia taifa zima kwamba kuuliza kwake ni dharau. Tena nilikuwa nimesimama palepale mafuta yakipakwa, nikasema ving'ae.

Rupert ameniuliza kwa nini sili. Nimemwambia. Alishona pindo zima la gauni, kisha akasema, "Ukinyamaza hakuna atakayejua."

"Unanishauri ninyamaze?"

"Nakwambia tu jinsi ilivyo. Miaka ishirini na nane nimekaa na wewe, sijawahi kuona ukipewa nafasi ya kunyamaza. Nilitaka kuona unaishikaje."

5 Machi

Nimempigia asubuhi, kabla hajaingia maabara.

"Mafuta gani?"

"Ya nazi."

"Alipaka lini?"

"Mwisho kabisa. Kabla ya kufunga."

Nilijiandaa kwa kilio, au kwa tusi. "Kwenye vishimo," akasema taratibu. "Laini nilivipangusa, yakatoka. Kwenye vishimo yalibaki. Mimi niliviosha kwa maji na spiriti, nikavichemsha kwa mvuke. Nilikuwa naua vijidudu. Sikuwa naondoa mafuta." Kisha akapiga kelele mpaka nikasogeza simu mbali na sikio. Mtoto wangu alikuwa anacheka.

"Careen, nataka niandike—"

"Usiandike chochote."

"Hata—"

"Chochote, Mama. Mpaka nikwambie. Nakuja."

8 Machi

Amefika na ile akiba ya visahani kumi na sita, pamoja na kimoja cha zamani. Hakupumzika. Alikiweka cha zamani juu ya meza ya jikoni, akawasha kamera ya simu, na kudondosha juu yake tone moja la maji. Tone lilisimama duara, likitetemeka.

"Kama kwenye jani la gimbi," alisema Rupert.

Akakiosha kwa dawa kali ya kuondoa mafuta aliyokuja nayo kwenye chupa, akakikausha, akadondosha tone jingine. Maji yalitawanyika yakalowesha kisahani chote, na duara halikuonekana tena. Careen alisema seli ni kama maji: pale maji yanapokataa kulala, nazo hukataa. Nimesoma vitabu vingi juu ya ushahidi, vya wanasheria na vya wanafalsafa. Sijaona ushahidi mfupi kuliko ule.

Tulikwenda kwa Mzee Muhsini sote watatu. Nilitaka mimi ndiye nimwambie. Careen alinitangulia.

"Kwa hiyo," mzee alisema baada ya kusikiliza, "tangu mwaka uanze mtoto anahangaika kwa ajili ya dole gumba langu."

"Hapana, babu. Ni kwa sababu sikukuuliza unamaliziaje kazi. Nilidhani najua."

"Na mimi sikusema, kwa sababu nani asiyejua?" Alitikisa kichwa. "Sasa unataka nini? Na usinitie hasira, nimefunga."

"Kumi na sita hivi. Vinne laini. Sita vya kukwaruzwa, vikavu kabisa. Na sita vya kukwaruzwa, vipakwe mafuta kama mwanzo."

"Upake tena? Si unasema yanadhuru?"

"Ndiyo. Nataka nionyeshe yanadhuru kiasi gani."

"Kuharibu kwa makusudi, halafu mnaandika kitabu."

"Ndiyo hivyo, babu."

"Basi mimi ningeshakuwa profesa."

Alifanya kazi mpaka karibu na futari. Kwa vile vikavu, Careen alimvisha glavu. Mzee aliitazama mikono yake. "Ina nini hii?"

"Ina Muhsini," alisema Careen. "Seli hazimtaki. Mimi namtaka."

Kuvifunga vikavu kulimuuma. Aligeuza uso pembeni, kama mtu anayemtoa mgeni nyumbani bila kumpa hata maji.

9 Machi

Careen ameondoka. Mlangoni aliniambia, "Sasa unaweza kuandika."

12 Machi

Amepanda seli leo. Tunangoja siku ishirini na moja.

15 Machi

Siku ya tatu amehesabu. Kwenye vikavu vilivyokwaruzwa seli zimeshika, lakini ni chache kuliko kwenye laini! Nilipopata ujumbe wake nilimpigia papo hapo. Alinituliza mimi, badala ya mimi kumtuliza yeye.

"Ndivyo inavyotakiwa, Mama. Kwenye laini zinazaana tu. Kwenye mikwaruzo zimeacha kuzaana kwa sababu zimeanza kazi."

Nilimpelekea Rupert taarifa hiyo. Alisema anaijua ofisi moja hapa mjini ambayo ni laini kabisa, wafanyakazi wanaongezeka tu.

19 Machi

Makala ya pili imetoka, na si ile niliyokuwa nimeipangia kichwa. Niliiandika mara sita. Rasimu ya kwanza ilikuwa na "hata hivyo" nne, ya pili ilimlaumu mhariri, ya tatu ukoloni. Iliyotoka ni fupi:

"Wiki tano zilizopita niliandika kwamba Dokta Chande aliidharau kazi ya Songea. Nilikosea. Aliuliza swali ambalo jibu lake lilikuwa kweli: visahani vilikuwa na mafuta. Yalipakwa kwa ustadi na kwa nia njema, mimi nikiwa nimesimama pale nikihimiza ving'ae. Mtafiti hakuniomba niandike, wala hakuwa amelituhumu jopo kwa lolote. Tuhuma ilikuwa yangu peke yangu. Naiondoa."

Mhariri alipiga simu kuuliza kama kweli ni mimi.

22 Machi

Sokoni. Halima, muuza nyanya, aliniona tangu mbali.

"Mwalimu! Leo nyanya kavu au za mafuta?"

Soko zima likacheka. Nilimwambia anipimie nyanya, na zisiwe zimepakwa kitu ili zing'ae. "Ah, nyanya zangu zina siri zao," alisema, akaniongeza mbili juu. Sikupenda. Baadaye, njiani, nilipenda kidogo.

Watu wanaoniona mdogo sasa ni wale walionishika mkono Februari. Mmoja wao aliniambia, "Mama, umetuangusha. Ungekaza." Nilimuuliza nikaze nini. Hakujua. Nimewaandikia watu hawa kwa miaka kumi na tano nikidhani wanapenda ukweli wangu. Wengine walikuwa wanapenda kelele tu.

26 Machi

Mvua. Mahindi yamesimama vizuri.

31 Machi

Idi. Pilau kutoka kwa Mzee Muhsini, sinia zima. Aliyeileta alisema mzee anauliza kama hizo seli bado hai.

3 Aprili

Hai, na zaidi ya hai.

Careen alizimwagia rangi nyekundu inayong'ang'ania chokaa ya mfupa. Penye mfupa mpya panabaki pekundu. Ametuma picha. Visahani laini: madoa machache. Vilivyopakwa mafuta: karibu vyeupe. Vilivyokwaruzwa na kuachwa vikavu: vyekundu pote, ukingo hadi ukingo. Zile seli chache zimejenga mara tatu ya zile nyingi.

Nilimpelekea Mzee Muhsini picha kibandani. Aliiangalia kwa ile lenzi yake ya jichoni, simu nzima, kipande kwa kipande.

"Huu wekundu ni mfupa?"

"Ni mfupa."

"Juu ya kazi yangu?"

"Juu ya kazi yako, mzee. Ile uliyoona aibu kuitoa."

Alirudisha simu, akaichukua tena.

24 Aprili

Kikao cha jopo. Kiliruhusiwa kuangaliwa mtandaoni. Tulikaa watatu kibandani, Rupert ameshika simu kwa sababu mimi nilikuwa naigeuzageuza na Mzee Muhsini alikuwa analalamika.

Careen alisimama wima. Alionyesha picha, alionyesha hesabu, akaonyesha na ile video ya tone la maji juu ya meza yetu ya jikoni; kitambaa changu cha meza kimefika chuo kikuu. Kisha Dokta Chande, mtu mwembamba mwenye sauti ndogo, akafungua faili.

"Sura ya nne," alisema. "Mafuta. Hili lilikuwa kosa. Kwa nini usiliondoe, ukabaki na matokeo mazuri?"

Nilivuta pumzi. Rupert alinikanyaga mguu, ingawa hakuna aliyekuwa ananisikia kule.

"Kwa sababu skrubu ya hospitali nayo itashikwa na mtu kabla ya kufika kwenye mfupa," alisema Careen. "Fundi, mwuzaji, muuguzi. Kila mmoja ana namna yake ya kumaliza kazi vizuri. Nikiiondoa sura hiyo, atakayefuata atakosea kama mimi, na yeye atakuwa amekosea ndani ya mgonjwa."

"Na fundi huyu, umemtaja kwa jina."

"Mzee Muhsini. Uso ule ni wake. Kosa la kutouliza ni langu."

"Amesema Muhsini?" aliuliza Mzee Muhsini. Tulimnyamazisha.

Chande aligeuza ukurasa. "Swali la mwisho, na si la kisayansi. Kuna makala iliandikwa gazetini juu yangu. Mwandishi ni nani kwako?"

Hapo nilijiandaa kwa jibu lolote. Angesema "simjui", ningemsamehe.

"Ni mama yangu," alisema binti yangu, bila kuinamisha kichwa. "Alinikosea na alikukosea, hadharani. Akasahihisha hadharani palepale. Mimi nimejifunza sura ya nne kwake."

Chande hakutabasamu. Aliandika kitu, wakatoka, wakakaa dakika ishirini ambazo Rupert alizitumia kuhesabu vifungo vya shati lake kwa sauti. Waliporudi, mwenyekiti alisoma: amepita, arekebishe jedwali moja ambalo vipimo vyake havikuandikwa kikamilifu.

Mzee Muhsini alifunga kibanda saa tisa alasiri, mpaka majirani wakaja kuuliza kama kuna msiba. Rupert aliwaambia hapana, kuna mfupa.

Mimi nilikaa na daftari langu mapajani. Tangu jana nilikuwa nimeandika humo hoja kumi na mbili za kumjibu Dokta Chande endapo angemkataa. Nimezisoma tena sasa, moja moja. Hata jedwali lile nimelitazama upya kwenye simu. Chande ana haki, vipimo havikuandikwa kikamilifu. Hakuna hata hoja moja iliyohitajika.

Sijazichana. Ni hoja nzuri.